Kipande cha Chuma Kidoleni

Watu wengi wanaojisifu kwamba wameizoea helikopta hawajawahi kuipanda wakiwa na miaka sabini na sita, wamevalishwa suti nyekundu ya kuelea majini, zipu imewakaba koo, wanafanana na kaa aliyechemshwa. Mimi nimeipanda hivyo. Hata mbwa wa kijijini walinibwekea siku ile, na mbwa wale nimewalisha mwenyewe.

Kisiwa chetu ni jiwe moja kubwa katikati ya mlango wa bahari, kaskazini kabisa kwenye barafu, na nyumba zetu zimeng'ang'ania ubavuni mwake. Pa kutua ndege hapana. Helikopta huja Jumatano, hali ya hewa ikipenda, inaleta barua na unga, inachukua wagonjwa na wanaokimbia wake zao. Dakika ishirini na tano hadi bara, halafu ndege ndogo hadi mji wa Nome, kwenye hospitali.

Nilikuwa nakwenda kwa Ursula. Mama yake Ursula na baba yangu ni ndugu wa tumbo moja, na kwetu watoto wa shangazi na wa mjomba ni watani. Nimtukane, nimfiche viatu, nimcheke mbele za watu, naye haruhusiwi kununa. Anaruhusiwa kitu kimoja tu: kunirudishia, tena kwa uchungu zaidi. Tulianza tukiwa na miaka sita. Aliwahi kutangaza kwenye redio ya kijiji, ile ambayo kila nyumba inayo na kila nyumba huiacha wazi kutwa nzima, kwamba mume wangu anakoroma kwa sababu usingizini ndiko anakopata nafasi ya kusema. Kwa hiyo nami nikatangaza kwamba mume wake alikwenda kuvua kaa na akarudi baada ya siku nne akiwa amenenepa, maana huko barafuni alipika mwenyewe. Miaka sabini tuliishi hivyo. Hakuna siku ambayo mmoja alitupa neno na mwenzake akaliacha lianguke chini.

Na kuombana radhi ni mwiko. Ukimwomba mtani wako radhi, umemwambia kwamba ulichosema ulikikusudia.

Wiki mbili kabla ya safari yangu walimbeba Ursula kwenda kwenye helikopta. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Walimfunga kwenye machela, wanaume sita wakamwinua, wanateleza kwenye mawe, kijiji kizima tumesimama kwenye upepo. Watu walikuwa na nyuso za msiba. Nikaona hapa pananihitaji. Nikapaza sauti:

"Mtazameni! Miaka yote namwambia apunguze mafuta ya sili, leo wanaume sita wanatoka jasho kwenye baridi hii. Haya nenda, Ursula, nenda tupumzike!"

Watu wakacheka, hata padri. Mimi nikasubiri. Ursula akanitazama, kisha akageuza uso upande wa pili, na mlango ukafungwa.

Hakujibu.

Nilirudi nyumbani nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa. Nikajiambia ana bomba la hewa puani, atajibu vipi. Halafu nikajiambia, Ursula yule ninayemjua angejibu hata kwa kidole. Tupumzike. Neno gani hilo la kumwambia mtu anayekwenda kufa? Likanikaa kooni siku kumi na mbili. Jumatatu bintiye, Lorena, akapiga simu.

"Mama mdogo, daktari anasema ni leo au kesho, au keshokutwa akivumilia sana. Hasemi tena. Lakini anasikia. Ukimwita, kope zinacheza."

"Mwambie asubiri Jumatano," nikasema. "Mwambie nakuja kumchapa."

Lakini kwa kweli nilichokuwa nakiendea ni hiki: nikae karibu na sikio lake, nimpe tusi zuri, laini, lenye upendo ndani, liwe la mwisho badala ya lile. Jingine sikulitaka.

Jumatano upepo ukatulia. Rubani ni Garrett, mtu wa Minnesota, amekaa kwetu miaka tisa, na nywele zimemkimbia zikaishia masikioni. Akanijia na kalamu yake.

"Bibi Filomena, una kilo ngapi?"

"Mkeo ana kilo ngapi?"

"Bibi, ni kwa ajili ya hesabu ya mzigo."

"Andika hamsini na tano."

"Bibi."

"Haya, sabini na mbili. Ukimwambia mtu, nitasema ulinishika kiuno uliponivalisha suti."

"Nilikushika kiuno. Zipu ilikwama."

"Basi na hilo liandike."

Abiria nilikuwa peke yangu. Nyuma kulikuwa na magunia ya barua na boksi langu: nyama iliyokaushwa ya sili, mnyama wa baharini tunayemwinda kwetu, na chupa ya mafuta yake, vyote vya Ursula. Najua asingeweza kumeza. Lakini harufu angeisikia, na hospitalini wangepiga kelele, na hilo lingemfurahisha. Garrett akanikalisha mbele karibu naye ili anisikie nikizimia.

Tuliruka vizuri. Chini barafu ya Machi, imepasukapasuka. Tulipokuwa kama nusu ya njia, taa ya njano ikawaka mbele ya Garrett. Ndogo tu, kama ya jiko la umeme. Niliiona kabla yake, au labda aliiona kwanza akanyamaza.

"Taa hiyo inasema nini?"

Macho yake yalikwenda kwenye mshale mmoja, akakigonga kioo chake kwa ukucha, yakaenda kwenye mwingine. Mkono wa kushoto ukashusha nguvu ya injini kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza moto chini ya sufuria ya mafuta asiyotaka yamwagike.

"Inasema kuna chuma kwenye oili ya injini," akasema. "Mgandamizo uko sawa. Joto liko sawa."

"Chuma kizuri au kibaya?"

"Kwenye oili hakuna chuma kizuri, Bibi. Injini inajitafuna. Swali ni inajilamba tu au inajing'ata."

"Na injini ziko ngapi?"

"Moja."

Nikaukaza mkanda wangu, kisha nikamkazia na yeye wake.

Akazungumza kwenye redio, akaeleza tulipo. Ndege ya barua iliyokuwa ikitoka Nome ikamjibu, sauti ya mwanamke, imetulia, akasema atakuja azunguke juu yetu. Garrett akatazama mbele. Mbele, kandokando ya bara, barafu ilikuwa imeachana na nchi kavu, na maji meusi yalikuwa wazi kwa upana wa dakika kumi nzima. Chini yetu palikuwa bado barafu.

"Natua hapa," akasema. "Pale panaonekana tambarare."

"Pale panaonekana kaburi," nikamwambia. "Hiyo nyeupe laini imeganda jana. Itakubeba wewe, haitabeba hili bati lako. Tazama kulia. Ile ya bluu, yenye vilima vilivyolika kama meno yangu. Hiyo ni ya miaka mingi. Tua juu ya mgongo wake."

"Una hakika?"

"Chuma ni chako. Barafu ni yangu."

Akatua juu ya mgongo wake, taratibu, akiwa bado ameibeba helikopta nusu hewani mpaka alipoona haizami. Kisha akazima. Mapanga yakazunguka, yakazunguka, yakasimama, tukasikia barafu ikigugumia chini kwa mbali.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana nimeiona kwa macho yangu. Ndani ya njia ya oili kuna kizibo kidogo, kichwa chake sumaku. Chuma kikimeguka kokote ndani ya injini, oili inakileta pale, sumaku inakikamata, taa inawaka. Rubani anatua, anakitoa kile kizibo, anakitazama. Akikuta unga, laini kama masizi, anaupangusa, anakirudisha, anawasha, anasubiri. Injini zote kuukuu hutoa unga, kama wazee wanavyotoa mba. Akikuta kipande chenye ncha, hapo hamna safari. Kuna kitu kinavunjika.

Garrett akafungua ubavu wa injini kwenye upepo ule, glavu amevua kwa sababu spana ilikuwa ndogo. Akarudi na kizibo kwenye kitambaa cheupe. Unga mtupu, mweusi.

"Unga," akasema, na nikaona mabega yakishuka. "Tunaruhusiwa mara moja." Akapangusa, akarudisha, akawasha. Tukakaa injini ikinguruma palepale chini. Nilikuwa nahesabu. Dakika kumi na tatu za kuruka, ndege ndogo inanisubiri bara, saa saba niko kwa Ursula. Nilikuwa hata nimeshapata tusi lenyewe, zuri sana, linahusu meno yake ya bandia na askofu.

Taa ikawaka tena.

Garrett akazima. Akatoka. Safari hii alikaa sana nje, na aliporudi midomo ilikuwa ya kijivu na vidole vyeupe kama nta. Ile ndege ya barua ilikuwa inazunguka juu yetu, na yule mwanamke alikuwa amempata fundi huko Nome, anapeleka maneno na kurudisha.

"Fundi anauliza," sauti ikasema, "ni unga tena au kuna ncha? Kama ni unga mtupu, anakuruhusu uvuke mara moja tu hadi bara. Kama kuna ncha, ubaki hapohapo."

Garrett akakitazama kizibo, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Miwani ya kusomea alikuwa ameiacha kwenye koti jingine. Akaupaka ule uchafu kwenye kidole gumba, akausugua kwa kidole cha pili, akatikisa kichwa.

"Sisikii kitu. Vidole vimekufa." Akanigeukia. "Bibi, wewe unashona. Hebu shika. Niambie kuna ncha au hakuna."

Mpaka leo sijui kama alijua alichokuwa ananiuliza.

Nimeshona ngozi tangu nina miaka saba. Nimeshona viatu vya kutembelea majini, mshono usiopitisha tone. Vidole hivi vikipita juu ya ngozi vinajua pale sindano ilipokatika miaka kumi iliyopita. Vilikuwa vimekaa kifuani mwangu ndani ya suti, vina joto. Nikavitoa. Akanipangusia ule uchafu kwenye kidole.

Ulikuwa unga. Laini, mzuri, wa mafuta. Nikasugua taratibu. Unga, unga. Na katikati ya unga, kidogo kuliko chembe ya sukari, kitu kikanichoma.

Nikakisogeza. Kikanichoma tena, upande mwingine. Kilikuwa na kingo mbili.

Nilikuwa na neno "unga" mdomoni tayari. Sitawadanganya. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi kama pipi. Neno moja, na tungewasha, na dakika kumi za maji meusi, na pengine isingetokea kitu chochote, vitu vingapi vina ncha na bado vinakwenda? Mimi mwenyewe nina ncha kila mahali. Nikaona kope za Ursula zikicheza. Nikaona namwinamia. Nikamwona Garrett ameshika mikono kwapani anaipasha joto, anangoja, ananiamini kama alivyoniamini kwenye barafu. Mke wake huoka keki yenye beri za porini, na huniletea kipande kimeshaumwa, anasema Garrett ameionja kama ina sumu. Nikasugua tena, nikitumaini kitu kile kitayeyuka.

"Bibi?"

"Ina ncha," nikasema.

"Una hakika?"

"Usiniulize mara mbili, Garrett. Mara ya pili sitasema hivyo."

Akanitazama. Akachukua redio akasema, "Ina ncha. Tunabaki." Sauti yake ilikwenda juu kidogo mwishoni, akakohoa kuificha.

Helikopta nyingine ingefika alasiri. Tukakaa. Barafu ilikuwa inatupeleka kaskazini polepole, sikumwambia, alikuwa na ya kwake ya kutosha. Alikumbuka boksi langu nilipolifungua mwenyewe.

"Si ni za mgonjwa hizo?"

"Kula. Ukifa kwa baridi nitakaa hapa na nani?"

Akala nyama ya Ursula, akaichovya kwenye mafuta ya Ursula, akakunja uso, akala tena. Nami nikala. Chakula kilikuwa kitamu, na kila tonge nililimeza kama jiwe.

Baadaye akasema, bila kunitazama, "Yule mwanamke juu bado ana mafuta ya kuzunguka kidogo. Anaweza kupiga Nome, Nome wakampigia binti, binti akaweka simu sikioni. Sema unachotaka. Atakisema neno kwa neno."

Akanivalisha zile spika za masikioni. Nikashika kitufe.

Nilijua nani wanasikiliza. Kisiwani kote tangu asubuhi walikuwa wamekusanyika kwenye ile redio ya kijiji, inayoongea na helikopta pia, wakifuata habari zetu. Na kila neno langu lingepita kwa mwanamke nisiyemjua, kwa karani nisiyemjua, kwa Lorena anayelia, ndipo lifike kwa Ursula. Nikalitafuta lile tusi la meno na askofu. Likaja mdomoni, nikalionja, nikaona halitafika. Tusi la utani linataka uso wa mwenye kulisema. Likipita midomo mitatu ya watu wenye huzuni litafika limekufa, litafika kama lile la kwanza. Atakufa na mawili.

"Niko tayari, Bibi," yule mwanamke akasema kwa upole. "Niseme nini?"

"Sema..." nikasema. "Mwambieni Ursula kwamba Filomena anaomba radhi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Hakuna aliyecheka. Kisiwa kizima, nyumba thelathini na mbili, watu wanaocheka hata padri akipiga chafya kwenye misa, na redio haikutoa hata pumzi. Nikavua zile spika. Nikamwambia Garrett nje kuna upepo, macho yananiwasha, naye akasema hata yake, na tulikuwa tumekaa ndani, mlango umefungwa.

Walituchukua saa tisa. Fundi alikuja nao, kijana mwenye ndevu za mbuzi, akakitazama kile kipande kwa kioo cha kukuzia. Nikamuuliza, ingefika bara au isingefika?

"Ingeweza kufika," akasema.

"Unasema ingefika?"

"Ingeweza. Ingeweza pia isifike. Bearingi ikianza hivi, Mama, inaweza kwenda saa tano au dakika tano. Hakuna anayejua."

Laiti angesema isingefika. Ni kijana mkweli, Mungu ambariki, nilitamani kumvuta zile ndevu.

Nilifika hospitalini saa kumi na moja, bado nimevaa suti ya kaa, sikukumbuka kuivua. Lorena alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Nilipoona mikono yake haina kitu, haishiki simu wala kikombe wala leso, nikajua.

"Ameondoka, mama mdogo."

"Saa ngapi?"

"Mchana." Akanishika. "Lakini ujumbe wako ulifika. Nilimwekea simu sikioni. Alisikia, mama mdogo. Alitabasamu."

"Alitabasamu?"

"Alitabasamu kabisa. Kama anataka kukujibu."

Juu ya kitanda kulikuwa na karatasi imebanwa kwenye ubao, na mimi shule niliacha darasa la sita, lakini saa najua kuisoma. Nesi alikuwa ameandika saa sita na dakika kumi. Saa sita na dakika kumi mimi nilikuwa barafuni nina unga kwenye kidole, nasugua. Yule mwanamke wa ndege aliniuliza aseme nini karibu saa saba.

Nikamtazama Lorena. Macho yamevimba, pua nyekundu, hajalala siku tatu. Alikuwa ananitazama kama anayeshika trei yenye vikombe vingi mno.

"Asante, mwanangu," nikamwambia. "Umenitua mzigo."

Akalia hapo ndipo, akaniegemea, na ile suti ikatoa sauti ya bati.

Mwezi umepita tangu nirudi kisiwani. Wananitania kwa suti, wananitania kwa kilo sabini na mbili, maana Garrett hawezi kuficha kitu. Wanasema nililala barafuni na rubani, na kwamba ndiyo maana nywele zake zimezidi kukimbia. Lakini yale niliyoyasema redioni hakuna anayeyagusa. Nikiingia dukani mtu akianza kusimulia siku ile, akifika pale, anaanza kuuliza bei ya chai.

Lakini nilikuwa naeleza ya hospitalini. Lorena alipomaliza kulia akaenda kupiga simu kwa ndugu, nikabaki na Ursula. Wauguzi wasiomjua walikuwa wamemlaza, wakamchana nywele kwa nyuma, paji la uso wazi, kama mwalimu wa kizungu. Maisha yake yote alizigawa katikati akazisuka mbili. Nikafungua zipu mpaka kiunoni ili mikono iwe huru, nikaomba chanuo kwa nesi, nikakaa kitandani. Zilikuwa zimeshikamana sana upande aliolalia. Nikaanzia kwenye ncha, nikawa nazifumua taratibu, fundo moja baada ya jingine, nikimshika kichwa ili nisimvute.